Picha ya Marekani, kiwanja cha Moshi: namna ya kuchanganya ya zamani na ya kisasa kwenye nyumba moja

Siku hizi picha hutangulia, kiwanja kikafuata. Mtu yuko Dallas au Minneapolis, au yuko Dar es Salaam tu, ananitumia kwenye WhatsApp picha za nyumba nyeupe yenye madirisha meusi, paa limesimama kwa pembe kali, mbele kuna baraza na viti viwili vya kubembea. Chini ameandika: "Dada, nataka hii hii, ila iwe na asili yetu kidogo." Mimi nasimamia ujenzi wa nyumba za watu walio mbali, zaidi hapa Moshi, mara moja moja Arusha pande za Njiro na Usa River, na hilo ombi la "hii hii ila na asili kidogo" hunisumbua kuliko msingi na zege.

Wengi hukwama kwa kudhani kwamba ya kwenye picha ndiyo nyumba ya kisasa, na asili ni kitu cha kubandikwa juu yake mwishoni: ngao ukutani, chungu mlangoni, kibanda cha makuti kando ya geti. Lakini ile nyumba yenyewe ni mchanganyiko tayari. Wamarekani wamechukua nyumba na banda la mkulima wa zamani, wakabakiza umbo, wakaweka kioo kikubwa na sebule isiyo na kuta. Kila kipande cha zamani walichobakiza kilikuwa na kazi kule kwao: kuangusha theluji, kukinga upepo, kuingiza jua wakati wa baridi. Kwa hiyo mimi huwa siulizi tutaongeza Uchaga kiasi gani kwenye nyumba ya Kimarekani. Nauliza: hiki kinafanya kazi gani, na huku kwetu kazi hiyo hufanywa na nini?

Anza kwa kuivunja picha

Chapisha picha kwenye karatasi kubwa, chukua kalamu nyekundu, chora mshale kwenye kila kitu kilichokuvutia. Pembeni ya mshale andika kazi yake, usiandike jina. Paa kali: linaangusha theluji. Mbao nyeupe za kusimama: zinafunika ukuta ambao ndani yake ni fremu ya mbao, siyo tofali. Bomba la moshi: kuna moto unaowashwa miezi mitano kwa mwaka. Ukifika kwenye kitu usichojua kazi yake, weka alama ya kuuliza. Vyenye alama hiyo ndivyo vya kwanza kukatwa fedha zikipungua, na zitapungua.

Mteja akiona namsumbua, namwonyesha nyumba ambayo Walter Gropius alijijengea mwaka 1938 kule Lincoln, Massachusetts. Huyu ndiye aliyeanzisha Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu huko Ujerumani, na mwaka 1937 alikuwa amehamia Marekani kufundisha Harvard. Mtu angetegemea abebe Ujerumani nzima aishushe pale kilimani. Badala yake alizitazama nyumba za zamani za New England, yaani kaskazini-mashariki ya Marekani, akachukua vichache: mbao zilizopakwa rangi nyeupe, bomba la moshi la tofali, mawe ya mashambani, na baraza lililozungushiwa nyavu za kuzuia wadudu. Halafu akavipindua. Mbao zilizozoeleka kulazwa zikipandana, yeye akazisimamisha wima. Paa akalilaza bapa, madirisha akayavuta yakawa mkanda mrefu, akatia tofali za kioo na ngazi ya chuma ya kuzunguka. Lile baraza hakuliweka mbele lipambe mlango. Alilisukuma nyuma, likatokeza nje ya nyumba lipate upepo pande tatu. Vifaa vingi alivitoa kwenye katalogi za kawaida ambazo jirani yeyote angeweza kuagiza.

Tazama kwamba kila cha zamani alichokichukua bado kinafanya kazi. Mawe yanashika udongo, nyavu zinazuia mbu. Hakuna kilichokuja kupigwa picha tu.

Jua la hapa si la kule

Hapa ndipo picha inapodanganya zaidi, na ndipo ninapobishana na watu mpaka vocha inaisha.

Lincoln iko kwenye nyuzi 42 hivi kaskazini ya ikweta. Mwezi wa Desemba jua la saa sita mchana huko hupanda kama nyuzi 24 tu kutoka upeo wa macho, linakuja limeinama kutoka kusini. Mbunifu anaweka kioo kikubwa upande wa kusini ili nyumba ile joto, kisha anapima upenu wa paa ili mwezi wa Juni, jua likiwa nyuzi 71, lisipite kwenye kioo hicho hicho. Ni hesabu nzuri sana, na ni ya kule kule.

Moshi iko kama nyuzi tatu na kidogo kusini ya ikweta. Jua letu la mchana liko karibu na utosi mwaka mzima. Juni linaegemea kaskazini, likiwa juu kama nyuzi 63. Desemba linaegemea kusini, kama nyuzi 70. Pande hizo mbili si adui. Adui ni mashariki na, zaidi, magharibi, maana kuanzia saa tisa alasiri jua linaingia limelala na hakuna upenu unaoweza kulizuia. Nimeona sebule moja yenye kioo kutoka sakafuni hadi dari, kimeelekea magharibi kwa sababu picha ilikuwa hivyo. Mapazia yake hayafunguliwi mpaka jua lizame, na familia inashinda kwenye ukumbi wa nyuma.

Fanya hivi. Nenda kiwanjani na dira ya simu, au mtume mtu, na mshale wa kaskazini uchorwe kwenye ramani kabla ya chumba chochote. Kioo kikubwa kiwe kaskazini na kusini. Hapo tuna bahati ambayo hata mtu wa Dodoma angetuonea wivu: ukiwa Moshi mjini, Kilimanjaro iko kaskazini, ukiwa Arusha mjini, Meru nayo iko kaskazini. Mandhari unayoitaka na jua lisilokera viko upande mmoja. Upenu wa sentimita 90 upande huo hutupa kivuli cha zaidi ya mita moja na nusu ukutani adhuhuri ya Juni, na hapo dirisha la futi tano linakuwa limefunikwa lote.

Magharibi weka vyumba visivyohitaji kutazama nje: stoo, bafu, gereji, ngazi. Weka ukuta mzito na madirisha madogo ya juu. Na kama una nafasi, panda migomba upande huo, mita chache kutoka ukutani ili majani yasizibe gata, ule mfereji wa kukinga maji ya paa. Wazee waliiweka nyumba katikati ya kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, wakijua wanachofanya.

Ramani za kununua mtandaoni hazijui kaskazini yako iko wapi. Mara nyingi inatosha kuigeuza kushoto iwe kulia, na mchoraji anafanya hivyo kwa muda mfupi tu. Mwambie.

Paa ndilo litakalokula fedha

Kuna paa za aina mbili zinazoletwa sana. Ya kwanza ni lile la kufichwa nyuma ya ukuta, ambalo mafundi wanaliita kontemporari. Ya pili ni lile kali la nyumba ya mkulima wa Kimarekani.

Kuhusu la kwanza nitasema machache. Ukificha bati nyuma ya parapeti, yaani ukuta huo, umelificha na tatizo lake. Gata iko ndani ya nyumba, majani yakiziba maji yanashukia darini kabla hujajua. Mjini kwenye mvua za wastani, ukiwa na fundi makini na mtu wa kupanda kusafisha kabla ya masika, linawezekana. Kibosho, Machame, Uru, kule juu mvua ilikojaa, sikushauri. Na nyumba inayofunguliwa Desemba tu, usithubutu kabisa.

Kuna nyumba za mbao zinazopendwa sana mtandaoni zisizo na upenu hata kidogo, paa linaishia ukutani kama limekatwa kwa kisu. Mfano wake mashuhuri uko Sea Ranch, pwani ya kaskazini ya California, yale majengo ya mwaka 1965. Wabunifu walitazama mabanda ya zamani ya mifugo ya pale pale, na wakaacha upenu kwa makusudi kwa sababu upepo wa Pasifiki ungeukamata. Sasa mtu ananiletea nyumba iliyokimbia upepo wa bahari anataka kuijenga Marangu, penye mvua ya kuloweka ukuta wiki nzima. Ukuta usio na upenu huku kwetu unaota kijani kabla ya rangi kuzeeka.

Kama unataka Marekani inayofaa mlimani, achana na banda jeupe, mtazame mbunifu wao Frank Lloyd Wright. Nyumba ya Robie, Chicago, iliyokamilika mwaka 1910, ina paa la chini na upenu mrefu uliotokeza mbali sana na ukuta, unaotia kivuli kwenye mstari mrefu wa madirisha. Hilo paa nalielewa. Fundi wa Kiboriloni, hapa Moshi, naye atalielewa.

Sasa lile paa kali. Kabla hujalikataa, kumbuka kwamba msonge wa Kichaga, ile nyumba ya duara ya nyasi, nao ulikuwa mkali, nyasi zikishuka karibu kugusa ardhi, kwa sababu nyasi zikikosa mteremko maji hayashuki na zinaoza. Kwa hiyo ukali wa paa si mgeni huku. Tatizo ni bei. Paa la nyuzi 45 linahitaji bati kama asilimia 41 zaidi ya eneo linalolifunika. La nyuzi 20 linahitaji kama asilimia 6 tu. Ongeza mbao za kenchi, zile zinazobeba bati, ongeza ufundi, ongeza jukwaa la kupandia. Ninachofanya ni kuipa sehemu moja tu ya paa ukali huo, ile inayoonekana ukifungua geti, juu ya sebule. Kwingine kote paa linashuka hadi nyuzi 20 na upenu mpana. Pale mapaa mawili yanapokutana, yaani kwenye bonde la paa, sisitiza bati la bonde liwe pana na liwekwe kabla ya mengine. Hapo ndipo panapovuja kwanza.

Juu ya sebule hiyo watu wanataka dari ifuate paa, iwe wazi na ndefu kama ya kwenye picha. Sawa. Lakini dari ya picha ina matabaka mazito ya kuzuia baridi, na sisi tuna bati na hewa. Mvua ikija hamtasikilizana, na saa nane mchana ni tanuri. Weka foili ya kuzuia joto chini ya bati, acha nafasi ya hewa, kisha piga dari ya mbao za sipresi zikifuata kenchi. Toboa njia ya hewa moto kutokea karibu na kofia ya paa, pale juu kabisa. Kwenye msonge moshi ulijitafutia njia ukapenya nyasi; hewa moto ya chini ya bati haina njia usipoitengenezea.

Rangi ya bati: picha nyingi zina bati la mikunjo ya kusimama, rangi ya mkaa. Bati la migongo mipana lisilong'aa linakaribia sana. La msauzi ni zuri ila linaigiza vigae, na nyumba hii haihitaji kuigiza vigae.

Halafu gata. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 10 linakupa karibu lita 1,000. Arusha jambo hili lina uzito wa pekee, maana vyanzo vingi vya maji kuzunguka Meru vina floridi nyingi, na maji ya paa ndiyo ya kunywesha watoto. Tenki lipangiwe mahali tangu kwenye ramani, nyuma ya ukuta wa jiwe, siyo lije kusimamishwa mbele ya dirisha la sebule mambo yakishakwisha.

Baraza lifanye kazi, na jiko liwe mawili

Lile baraza la viti vya kubembea lina historia ya kuchekesha. Kabla ya viyoyozi Wamarekani walikaa barazani jioni kwa sababu ndani hapakaliki. Baadaye kiyoyozi, gari na televisheni vikawavuta ndani. Nyumba za Levittown, zilizoanza kujengwa kwa maelfu mwaka 1947 karibu na jiji la New York, hazikuwa na baraza la mbele. Ulipoanzishwa mji mdogo wa Seaside, Florida, mwaka 1981, ilibidi kanuni za ujenzi ndizo ziwalazimishe watu kuweka baraza tena. Kwa hiyo baraza unaloliona kwenye picha huenda ni kumbukumbu tu, la upana wa mita moja, kiti kikikaa mtu hapiti.

Kwetu baraza halijawahi kufa. Lipe mita 2.4 kwa uchache, na tatu kama patawekwa meza. Hesabu yako iwe ya tarehe 25 Desemba, siyo ya siku ya kawaida: mama, wajomba, shangazi kutoka Rombo, watoto wasiohesabika, na mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Usilielekeze barabarani, kwa sababu mbele yake utajenga uzio na geti kubwa na utabaki kutazama geti. Lielekeze uani na mlimani. Nguzo za mbao zinapendeza sana, mkaratusi uliotiwa dawa unatosha, ila mguu wa nguzo usiguse zege. Uwekwe kwenye kiatu cha chuma kilichoinuka vidole vinne juu ya sakafu. Mchwa na maji ya kudekia havitaifikia.

Jiko la wazi lililoungana na sebule ni zuri kwa chai na mayai. Kwa samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu wanaokaangwa, au machalari, yaani ndizi na nyama, kwa watu thelathini, ni balaa kwenye makochi. Hapa siombi mtu achague. Jenga mawili: dogo la ndani la kwenye picha, na la kuni na mkaa nje.

Na la nje usiliweke kama kibanda cha aibu nyuma ya choo cha shamba. Kusini mwa Marekani, nyumba nyingi kubwa za zamani zilikuwa na jiko lililojitenga kwa ajili ya joto na hofu ya moto. Na wakulima wa kule walikuwa na mtindo mmoja ninaouiba kila nikipata nafasi: vyumba upande huu, vyumba upande ule, paa moja juu, na katikati ukumbi ulio wazi mbele na nyuma unaopitisha upepo. Upande mmoja mimi naweka nyumba kuu, upande wa pili jiko la nje na stoo ya ndizi na kuni, na katikati njia ya mita tatu yenye sakafu na paa. Mvua ikinyesha sufuria inafika mezani bila mwavuli. Ndani ya muda mfupi utakuta watu wote wamehamia pale, na sebule ya kioo imebaki na luninga peke yake. Kabla ya kuamua jiko liwe upande gani, simama kiwanjani jioni uangalie moshi wa jirani unaelekea wapi.

Asili ipi hasa?

Niseme wazi: makuti si ya Uchagani. Ni ya Pwani, yakapandishwa huku na mahoteli. Hayana ubaya, ila ukisema unaweka asili yako, weka yako.

Chumba cha duara nacho huombwa sana. Msonge ulikuwa duara, ndiyo, lakini watu hawakupanga makabati na makochi yenye pembe ndani yake. Walizunguka moto, ng'ombe akiwa upande mmoja, na juu ya moto kuna dari ya kukaushia. Ukitaka kuuchukua, chukua kile kilichokuwa katikati, wala usihangaike na duara. Weka mahali pamoja pa kukutania ambapo kila mlango unafungukia. Kama uko juu, Kibosho au Ngaramtoni, ambako Julai inauma, paweke na moto wa kweli. Moshi mjini bomba la moshi ni tofali zimepotea.

Kinachopatikana hapa kwa wingi na kinachofanya kazi ni jiwe, lile jeusi la mlimani la kuchongwa. Ukuta mweupe wa kwenye picha, ukiuleta kwenye udongo wetu mwekundu, mvua ya kwanza inaurushia matope mpaka gotini. Basi jenga jiwe linaloonekana kutoka msingini hadi usawa wa dirisha, nyeupe ianzie hapo. Umetatua matope, na nyumba imekuwa ya hapa bila ngao. Jiwe hilo hilo lishike ule ukuta wa magharibi, na kuta za kuzuia udongo kama kiwanja kina mteremko.

Ila liwe jiwe la kweli linalobeba, au basi. Kule Santa Fe, New Mexico, kanuni ya mwaka 1957 iliilazimisha sehemu ya zamani ya mji ifuate sura ya nyumba za udongo za wenyeji, na matokeo yake nyumba nyingi ni fremu za mbao zilizovikwa lipu ya rangi ya udongo. Sura ipo, lakini ule unene wa ukuta uliokuwa ukimeza joto la mchana na kulitoa usiku haupo. Vibamba vya jiwe vya gundi ni hadithi ile ile, na vikigundishwa vibaya vinadondoka. Kuta nzito zifungwe lenta ya zege inayozunguka nyumba nzima, pembetatu ya ukuta chini ya paa kali ikiwemo. Tuko ukanda wa Bonde la Ufa. Mwaka 2007 matetemeko ya upande wa Gelai na Oldoinyo Lengai yalisikika hadi Arusha.

Mpaka wa kiwanja ukiwa na masale, ile mimea ya Kichaga ya kuonyesha mpaka, yaache. Mchoraji akikuletea uzio wa tofali pande zote nne, mwachie pande mbili tu. Mfereji ukipita shambani usiufukie kwa ajili ya maegesho, maana maji yale si yako peke yako.

Madirisha, kwa ufupi

Fremu nyeusi za aluminiamu zinapatikana mjini bila shida. Kinachoharibu ni grili. Picha haina grili, nawe utaiweka, kwa hiyo ichorwe pamoja na dirisha: vyuma vyembamba vya kusimama, vipangwe kwenye mistari ile ile ya fremu, rangi ile ile, viwe upande wa ndani. Maua na mikunjo ya grili za sokoni vinaua nyumba ya aina hii kuliko kosa lolote la rangi. Nyavu za mbu ziwe za kuteleza, siyo za kupigiliwa. Mbao za ukutani ziweke tu pale chini ya baraza ambapo mvua haifiki. Kuzikwaruza kwenye lipu ili ukuta mzima ufanane na mbao ni kupoteza saruji.

Kumkabidhi fundi

Fundi akipewa picha atajenga picha. Mpe michoro ya mbunifu aliyesajiliwa, ambayo halmashauri itaidai kwenye kibali hata hivyo, na juu yake dai michoro mitatu mikubwa ya viungo: jiwe linapokutana na lipu nyeupe, mguu wa nguzo ya baraza, na ukingo wa paa ukionyesha upenu, fisha bodi (ubao wa ukingoni mwa paa) na gata. Sehemu hizo tatu ndipo mpya na ya zamani vinapogusana, na ndipo fundi mzuri hubuni lake kama hakuelekezwa. Kabla jiwe lote halijajengwa, ajenge mita moja ya mfano, akupigie picha kwenye jua. Ukubali kwa maandishi.

Kuhusu miezi: msingi uchimbwe masika ikishakatika, Juni hivi, na nyumba iwe imepauliwa kabla vuli haijaanza Oktoba au Novemba. Fedha zikiwa ndogo, malizia bati na gata kwanza. Madirisha meusi yasubiri. Gata zikishafungwa, panda na ndoo kadhaa za maji uzimwage kwenye kofia ya paa uone zinakoelekea. Nyeupe ya nje ipakwe mwisho kabisa, lori la mwisho la mchanga likishatoka getini.